Kiapo ni cha aliyekabidhiwa



Wapo wenzetu wanaopendekeza kila mwananchi atamke ahadi ya taifa mkutano wa mtaa unapofunguliwa. Siungi mkono. Ahadi za Chama tulizikubali kwa hiari. Raia wajibu wake umeshaandikwa kwenye Katiba ya 1977: Ibara ya 26 inamtaka atii sheria, Ibara ya 27 alinde mali ya umma. Asiyetamka kwa sababu ya imani yake, kesho tutamnyima barua ya utambulisho?

Aape aliyekabidhiwa madaraka. Naye tusimpime kwa sauti ya kiapo, tumpime kwa hesabu. Mkutano ujao tufungue kwa taarifa ya mapato na matumizi, risiti zikiwa mezani.

Katibu wa Tawi