Mihogo si Chakula cha Motokaa

Wako wasemao kwamba tutaokoka na gharama ya petroli tukiigeuza mihogo yetu kuwa ethanoli, yaani spiriti ya kuendeshea mitambo. Wasemao hivyo si wajinga. Petroli yashushwa melini Dar es Salaam, ikavuka nchi nzima kabla ya kufika Kigoma, na kila maili huongeza bei. Tena spiriti hiyo huendesha motokaa kweli. Brazil walianza mpango wao mkubwa mwaka 1975, nao hawajauacha. Hayo yote nayakubali. Nishindanalo ni neno moja tu, mihogo.

Haya, tuhesabu. Tani moja ya mihogo mibichi hutoa lita 150 hivi, au zaidi kidogo. Basi tangi la lita 50 lataka karibu kilo 300, nayo spiriti ina nguvu kama theluthi mbili tu za petroli. Mtu alaye kilo moja kwa siku angekaa na mihogo hiyo miezi kumi. Motokaa huimaliza kwa safari moja. Je, mwenye motokaa na mjane wa Kasulu wakishindana bei sokoni, ni nani atakayerudi na kikapu kitupu?

Na mimea ya kuchomwa hutafuta ardhi. Kule Kisarawe kampuni ya Sun Biofuels ilipata mwaka 2009 zaidi ya hekta 8,000 za vijiji, ipande mibono ya mafuta. Mwaka 2011 kazi ikasimama, wenyeji wakabaki bila mshahara na bila mashamba.

Heri tuwatazame Wamalawi, walio mbali na bahari kama sisi. Dwangwa, kando ya Ziwa Nyasa, walianza mwaka 1982 kutengeneza ethanoli kwa molasi, yale maji mazito meusi yabakiayo sukari ikiisha kutolewa, wakaichanganya na petroli. Molasi haikutoka chunguni mwa mtu.

Lakini hata hiyo ya molasi isiuzwe ovyo kwa wenye mitumbwi ya mashine. Spiriti huvuta maji. Ikiisha kuyanywa ya kutosha hujitenga na petroli, ikazama nayo chini ya tangi, ndiko mashine inyonyako. Atakayewauzia wavuvi wa dagaa mchanganyiko huo bila kuwaambia, na apande mtumbwini pamoja nao usiku, akapige kasia kutoka katikati ya ziwa hadi Ujiji.