Miswada ya Kiswahili ipo London, wa kuisoma wako wapi?

KILA ifikapo Julai 7, tangu UNESCO ilipoitenga tarehe hiyo mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, viongozi wetu hupanda majukwaani kuisifu lugha hii kwa ukongwe wake. Husema kuwa Kiswahili kina maandishi ya karne nyingi. Wasemayo ni kweli. Wasichokisema ni mahali maandishi hayo yalipo, na ni Wakenya wangapi wawezao kuyasoma hata wakiletewa mezani.

Msomaji wa magazeti akisikia neno mswada hufikiria Bunge. Miswada tunayoizungumzia hapa ni ya aina nyingine: madaftari, barua na karatasi zilizoandikwa Kiswahili kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, na ambazo nyingi kati yake hazijawahi kupigwa chapa. Maktaba ya SOAS, chuo kilicho chini ya Chuo Kikuu cha London, imehifadhi karatasi za W.E. Taylor, Alice Werner, William Hichens na wengineo waliotafiti fasihi ya pwani yetu. Hamburg, Ujerumani, kuna mswada wa Utendi wa Tambuka wenye tarehe ya mwaka 1141 wa Hijria, yaani 1728 Miladia. Karibu nasi zaidi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina ya miswada iliyokusanywa na J.W.T. Allen katika miaka ya sitini. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1970, huko Leiden, Uholanzi.

Tuchukue mfano wa Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi kati ya 1776 na 1840. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawezi kufika mbali bila kukutana na jina lake. Lakini Muyaka hakutuachia diwani. Tungo zake zilibaki vichwani mwa watu wa Mombasa mpaka zilipokusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanazuoni wa mji huo aliyefariki mwaka 1890. Taylor, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa amezama katika lahaja ya Kimvita, akazinakili na kuzitia maelezo. Karatasi hizo zikasafiri hadi Uingereza. Hichens akazitumia kuandaa diwani iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940, karne moja kamili baada ya kifo cha mtungaji. Hatimaye, mwaka 1979, Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi akachapisha kitabu chake kuhusu Muyaka, na tungo zile zikawa zimerudi nyumbani kwa njia ya chapa.

Tazama basi jinsi uzi ulivyokuwa mwembamba. Lau Mwalimu Sikujua angekufa miaka kumi mapema, huenda leo Muyaka angekuwa jina tu. Na ni watunzi wangapi waliokuwa hai pamoja naye ambao hawakupata Sikujua wao?

Wapo wanaodai kwamba maandishi haya yaliporwa na kwamba yarejeshwe mara moja. Hasira hiyo inaeleweka katika nchi ambayo serikali ya mkoloni ilichoma na kuficha majalada yake ilipokuwa ikifungasha virago. Hata hivyo, habari ya miswada ya Kiswahili haifanani kabisa na hiyo. Sehemu muhimu ya miswada iliyo Ulaya iliandikwa na mtu mmoja wa Lamu, Muhamadi Kijuma, mshairi, mwanamuziki na fundi wa kuchonga milango, aliyefariki mwaka 1945. Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann walimwendea au kumwandikia wakitaka nakala za tendi, naye akawanakilia. Kunakili ilikuwa kazi yake, na mwandiko wake mzuri ndio unaopendeza macho hadi leo katika maktaba za London na Berlin. Kusema Kijuma aliporwa ni kumvunjia heshima. Aliijua thamani ya alichokiandika kuliko wengi wa wenzake, na kuliko serikali zote zilizotawala Lamu tangu wakati wake.

Isitoshe, sehemu ya miswada ya SOAS imeorodheshwa na kupigwa picha, na picha hizo zimewekwa kwenye mtandao. Mwanafunzi aliye Kakamega au Kilifi mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzifungua bila kupanda ndege wala kuomba viza. Tungetarajia basi kwamba idara zetu za Kiswahili zingezivamia. Hazijazivamia, na sababu yake si uvivu wa wanafunzi.

Sababu ni kwamba mwanafunzi huyo, hata awe na shahada mbili za Kiswahili, akiifungua picha hiyo atakodoa macho tu. Hati za Kiarabu, kama zilivyotumiwa na waandishi wetu wa zamani, ni mtihani hata kwa anayesoma Kiarabu vizuri. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch wala g kama yetu. Irabu zake fupi ni tatu, zetu ni tano. E huandikwa kama i, na o kama u. Sauti ya m au n inayotangulia konsonanti, kama katika mb au nd, mara nyingi haikuandikwa. Kwa hiyo, katika maandishi ya zamani, neno lililoandikwa 'bibi' laweza kuwa bibi kweli, na laweza pia kuwa pembe. Ni muktadha, vina na mizani vitakavyoamua, pamoja na ujuzi wa lahaja. Sisi ambao kazi yetu ni kusahihisha maandishi ya wengine chumba cha habari twaijua hatari ya herufi moja iliyokosewa. Fikiria ubeti mzima ambao kila neno lake lina njia mbili au tatu za kusomwa!

Hapo ndipo kufuli ya pili inapojitokeza. Lugha ya miswada hii ni Kiamu, Kipate na Kimvita. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilijenga juu ya Kiunguja, kwa herufi za Kirumi, na shule zikaufuata uamuzi huo. Sitaki kulaumu usanifishaji. Bila huo gazeti hili lisingesomwa Busia na Taveta kwa pamoja. Lakini matokeo yake ni kwamba tumelea vizazi vya wasomi wa Kiswahili waliotengwa na maandishi ya Kiswahili kwa lahaja na kwa hati, na ambao hutegemea kile ambacho mhariri wa Kizungu alidhani amekisoma. Pale Hichens au mwenzake alipokosea, nasi hukosea pamoja naye, na hatuna njia ya kumkosoa.

Waliokuwa na funguo zote mbili wanazidi kupungua. Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefanya kazi miaka mingi SOAS akiisoma na kuifafanua miswada hiyo, alifariki mwaka 2008. Ujuzi wa aina yake haupigwi picha ukawekwa kwenye mtandao. Hupatikana kwa kukaa mbele ya mwalimu, karatasi mkononi, mwaka baada ya mwaka.

Mtandao wenyewe usitupumbaze. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini, na ilikuwa kazi ya kupongezwa. Kisha Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni wakaishambulia maktaba hiyo ya Uingereza, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikakatika kwa miezi mingi. Aliyedhani hazina iko salama kwa kuwa iko London alipata jibu lake.

Linaloshangaza ni kwamba nusu ya dawa tunayo. Maelfu ya watoto wa Lamu, Mombasa, Kwale na Garissa hujifunza herufi za Kiarabu madrasani kabla hata ya kumaliza shule ya msingi. Hao wanafika chuo kikuu wakiwa na kitu ambacho mhadhiri wao huenda hana, kisha kwa miaka minne hakuna anayewauliza habari zake. Hati hii imechukuliwa kuwa mali ya dini, ilhali ilitumika kuandika barua za biashara, mikataba, dawa, mapenzi na matusi ya kisiasa. Muyaka mwenyewe, mpiga kampeni wa Mazrui dhidi ya Sultani wa Oman na Zanzibar, angeshangaa kusikia kwamba hati ya tungo zake ni ya msikitini pekee.

Kozi moja ya muhula mmoja ingetosha kuanzia. Idara za Kiswahili za Nairobi, Moi na Pwani zingeweza kugawana kazi na kuanza na karatasi za Taylor, kwa kuwa tayari kuna chapa mbili za Muyaka za kulinganisha nazo: mwanafunzi wa uzamili apewe kurasa chache, azisome upya herufi kwa herufi, aonyeshe mahali anapotofautiana na Hichens na kwa nini. Gharama yake haifikii ile ya mahema na fulana za Julai 7. Wa kumfundisha angali anapatikana Lamu na Mombasa, ingawa wengi wao sasa ni wazee, na wengi hawana cheti ambacho chuo kikuu kingekitambua ili kuwalipa.