Ubao Mtulivu Si Ubao Mfu

Katika friraidi, yaani kuteremka mlima nje ya njia zilizosawazishwa na mashine, ubao wa theluji hukutana na kila kitu katika mteremko mmoja: theluji mpya ya unga, kisha ganda la barafu, kisha mabonge yaliyoachwa na poromoko. Ndiyo maana wateremkaji hawaishi kubishana kuhusu utulivu wa ubao na uchangamfu wake. Mengi yanayosemwa katika ubishi huo hayana mashiko, na huwagharimu watu fedha zao na, penye miamba, hata viungo vyao.

Dai linalozaa mengine yote ni hili: ubao usiotetemeka umekufa. Wanaolitoa huamini kwamba ukiongeza utulivu lazima upunguze uchangamfu. Tutazame kinachotokea. Mteremkaji anapokata kona, ubao hukunjika chini ya uzito wake, kisha hunyooka na kumsukuma kuelekea kona inayofuata. Yote hayo huchukua kama sekunde moja, na msukumo huo wa kurudi ndio uchangamfu wenyewe. Mtetemo unaosumbua ni jambo jingine kabisa. Ncha ya mbele ikipiga barafu yenye mikwaruzo kwa kasi, hucheza makumi ya mara kwa sekunde. Kila inapocheza, ukingo wa feleji huachana na theluji kidogo, na ukingo usiogusa theluji haushiki chochote.

Sasa tupige hesabu. Tuseme ubao hupoteza asilimia 10 ya nishati yake kila unapokunjika na kurudi. Kwenye kona, ambako hukunjika na kurudi mara moja tu, asilimia 90 inamrudia mteremkaji. Kwenye mtetemo wa mara 40 kwa sekunde, baada ya nusu sekunde ubao umeshakwenda na kurudi mara 20, na nishati iliyosalia ni takriban asilimia 12. Ubao uleule, upotevu uleule: kona imebaki na nguvu yake karibu yote, mtetemo umezimika. Hata gari huhitaji springi na shokapu pamoja, wala hakuna dereva anayesifu gari lenye shokapu mbovu kwa sababu linadunda. Na kuna ubao mfu kweli, nakubali. Lakini mara nyingi huo ni ubao ambao kiini chake cha mti kimechoka au upinde wake umelala, si ule uliotiwa mpira wa kuzima mtetemo.

Dai la pili husema kwamba bati la metali ndani ya ubao hunyonya mtetemo. Hapa muuzaji humwelekeza mnunuzi kwenye Titanal, aloi ya alumini inayotengenezwa Austria, yenye zinki, magnesi na shaba ndani yake. Alumini yenyewe hainyonyi karibu chochote. Igonge uisikie inavyolia. Howard Head, mhandisi wa ndege wa Marekani, alilijua hili kwa uchungu. Skii zake za alumini zilizotoka mwaka 1950 zilipendwa kwa wepesi wa kugeuka, lakini kwenye theluji ngumu zilitetemeka. Dawa aliyoipata mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika skii zake za mashindano, ilikuwa tabaka jembamba la mpira wa neoprini. Mpira ukibanwa kati ya matabaka mawili magumu, kila ubao unapokunjika matabaka hayo huteleza kinyume kidogo, mpira huvutwa huku na huku, na nishati hutoka kama joto. Bati huleta uzito na ugumu, nalo huubana mpira ili ufanye kazi. Bila gundi na mpira uliopangwa vizuri, utakuwa umelipia uzito tu.

Wengine huutetea uzito huohuo: bila uzito, wanasema, hakuna utulivu. Nusu ya dai hili ni kweli, kwa kuwa ubao mzito haurushwi ovyo na kila bonge. Lakini uzito ukiwa kwenye ncha na mkia, kugeuka kunachelewa. Fikiria mlima wa Bec des Rosses pale Verbier, Uswisi, ambako mashindano ya friraidi yalianza mwaka 1996, mwanzoni kwa wapanda mbao peke yao. Kati ya mwamba na mwamba, ncha isiyogeuka kwa wakati ni hatari. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya K2 iliweka katika skii zake za Four kipande kidogo cha kauri kilichogeuza mtetemo kuwa umeme. Hakikuwa kizito. Leo nyuzi za kitani ndani ya gundi ya epoksi hufanya kazi ya namna hiyo kwa njia rahisi zaidi, nazo ni nyepesi kuliko nyuzi za kioo.

Kwamba nyuzi za kaboni huufanya ubao uwe mkali mguuni, inategemea zimewekwa wapi. Zikitoka chini ya mguu wa nyuma kuelekea mkiani, huongeza msukumo wa kurudi na kuiacha ncha bila kuigusa.

Na kwamba kwenye theluji ya unga utulivu hauhitajiki? Kweli, theluji hiyo humeza mtetemo yenyewe. Ila mlima hauishii hapo. Njia ya kurudi bondeni mara nyingi imejaa nyayo za jana zilizoganda, na wakati huo miguu imeshachoka.

Linalonisumbua kuliko yote ni lile la dukani: ukunje kwa mkono, utaujua. Mkono hukunja polepole, kwa hiyo hupima ugumu tu. Tena duka lina nyuzi 20 za joto. Mlimani zinaweza kuwa 15 chini ya sifuri, na mpira uliopoa hivyo hukakamaa na kubadili tabia. Omba ubao wa majaribio, uvae buti zako mwenyewe, na uuteremshe moja kwa moja kwenye njia ngumu asubuhi kabla jua halijailainisha, macho yakiwa kwenye ncha ya mbele. Kisha ukate kona kadhaa, usikilize mkia unapokuachia.