Alama 94, Kabatini Sinza: Acheni Kununua Mvinyo wa Kulaza

Wiki iliyopita mshikaji wangu mmoja, msomi mzuri tu, mwenye kazi yake na kitambulisho kinachoning'inia shingoni, alinipigia simu kwa furaha ya mtu aliyepata kiwanja cha bei poa. "Kaka, kuna dili." Dili lenyewe: kasha la chupa sita za mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa. Umepewa alama 96 kati ya 100. Unalazwa miaka kumi na tano, kisha unauzwa mara tatu ya bei, au unanywewa siku ya harusi ya mtoto. Mtoto mwenyewe hajazaliwa. Mama wa mtoto naye hajapatikana. Alitaka tuchangie nusu kwa nusu.

Nikamwambia hapana. Akaniambia nina roho ya kimaskini.

Basi leo naandika, kwa sababu najua hayuko peke yake mjini hapa, na kwa sababu huko anakokwenda mimi nimeshakwenda nikarudi. Wasiotumia kilevi mnivumilie. Mada hii ni ya pesa na akili zaidi kuliko kinywaji.

Mwaka 2016 nililipwa malipo yangu ya kwanza ya maana, kwa habari niliyoihangaikia miezi mitatu. Nikaingia duka moja la vinywaji mjini, nikatoka na chupa ya Bordeaux ya mwaka 2010. Shilingi laki mbili na nusu. Chumba nilichopanga Sinza wakati ule hakikufika bei hiyo kwa mwezi. Shingoni mwa chupa kulikuwa na kikaratasi: alama 94. Muuzaji akaniambia, "Hii ni ya kulaza, usiwe na haraka nayo." Nikaifunga kwenye kanga ya mama, nikailaza kabatini chini ya suruali. Nilikuwa na mpango: siku mzee anastaafu, tunafungua.

Mzee alistaafu 2022. Ndugu wakaja, pilau likapikwa, nikatoa hotuba fupi kuhusu subira. Nikafungua. Kizibo kilikuwa kimesukumwa nje kidogo na kimelowa mpaka juu. Rangi imekuwa ya kahawia. Harufu ni ya zabibu kavu zilizochemshwa zikasahauliwa jikoni. Mzee akaonja, kwa heshima, akaniuliza taratibu: "Baba, hii ndiyo ile ya laki mbili na nusu?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Sasa tuulizane. Nani alinidanganya? Hakuna. Nilijidanganya mwenyewe, kwa kuamini mambo matatu ambayo mshikaji wangu naye anayaamini leo.

La kwanza ni alama. Huu mtindo wa alama 100 aliueneza Mmarekani Robert Parker, mwanasheria wa Maryland aliyeanzisha jarida lake la The Wine Advocate mwaka 1978. Alisifu sana mvinyo wa Bordeaux wa mwaka 1982, wakati wengine wakisita, na jina lake likapaa. Tangu hapo wafanyabiashara wakawa wanasubiri alama zake kabla ya kupanga bei. Kumbuka tu kwamba kipimo chake kinaanzia 50, si sifuri. Yaani chupa inapata nusu ya mtihani kwa kufika darasani.

Sisi waandishi tunafundishwa kwamba habari ya chanzo kimoja ni uvumi mpaka ithibitishwe. Alama ni ulimi wa mtu mmoja, siku moja, glasi moja. Mwaka 2004 Parker aliusifu mno mvinyo wa Château Pavie wa mwaka 2003. Mwingereza Jancis Robinson, mmoja wa wajuzi wanaoheshimiwa kuliko wote, akaupa 12 kati ya 20. Mvinyo uleule! Na mwaka 2008 Robert Hodgson, profesa mstaafu wa takwimu anayetengeneza mvinyo California, alichapisha utafiti kuhusu waamuzi wa mashindano ya jimbo lao. Walipewa mvinyo wa chupa moja mara tatu bila kuambiwa. Waamuzi waliotoa alama zinazokaribiana walikuwa kama mmoja tu kati ya kumi. Wengine walijipinga wenyewe.

Kwa hiyo tofauti ya 94 na 96, ambayo dukani unaweza kuilipia pesa nyingi, inaweza kuwa tofauti ya asubuhi na mchana kwenye mdomo wa mzee mmoja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza: kinachotembea na namba shingoni kichunguze kwanza.

La pili ni huko kulaza. Tunadhani mvinyo ni kama dhahabu, ukikaa tu unapanda. Si kweli. Mvinyo mwingi duniani hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Ile michache inayofaa kulazwa ina asidi ya kutosha na tanini nyingi, yaani ule ukakasi unaoupata kwenye chai ya rangi iliyochemshwa mno. Miaka inapopita tanini hizo huungana na kutua, ukakasi unapungua, harufu za matunda zinageuka kuwa za ngozi, tumbaku na udongo wa mvua. Ni jambo zuri kweli. Lakini lina masharti: giza, utulivu, unyevu wa kutosha, chupa ilale ili kizibo kisikauke, na joto la nyuzi kama 12 hadi 14, lisilopanda na kushuka.

Nyuzi 12! Ndugu yangu, Dar es Salaam Januari mchana tunavuka 30, na usiku wenyewe unalala na feni. Joto linaharakisha kila kitu ndani ya chupa, tena vibaya. Mvinyo unatanuka, unasukuma kizibo, hewa inaingia. Kabati langu la Sinza halikuwa ghala, lilikuwa jiko la moto mdogo. Utasema utanunua friji maalumu. Sawa. Liendeshe miaka kumi na tano, kwa umeme huu huu unaokatika, halafu jumlisha bili zote kwenye bei ya chupa. Ukimaliza nipigie.

La tatu ni biashara. Mshikaji alinijibu kwamba hataleta kasha nyumbani, litakaa ghalani Ulaya. Tena alitaka kununua kwa ule utaratibu ambao Wafaransa wanauita en primeur: unalipa leo, mvinyo ungali kwenye mapipa, unakabidhiwa chupa baada ya miaka kama miwili. Alama unayoambiwa hapo ni ya mvinyo ambao haujakamilika.

Hapo, kaka, hujanunua mvinyo. Umenunua karatasi. Na karatasi hiyo ina ada ya ghala, bima, na kamisheni ya dalali siku ya kuuza. Faida unayoahidiwa inatokana na mitindo ya matajiri wa mbali. Hong Kong ilifuta ushuru wa mvinyo mwaka 2008, wanunuzi wa China wakaikimbilia Château Lafite kama maji ya kisima. Chupa za Lafite za mwaka 2008 zikachongwa namba nane ya Kichina, kwa vile nane ni namba ya bahati kwao. Bei ikaenda mbinguni. Mwaka 2011 ikaanza kuporomoka, na waliolipia mvinyo wa 2009 na 2010 ungali kwenye mapipa wakabaki wanatazamana. Mwaka 2024, walipouza mvinyo wa 2023, majumba mengi ya Bordeaux yenyewe yalishusha bei kwa kiasi kikubwa kwa kukosa wanunuzi. Wenyewe Château Latour walijitoa kwenye utaratibu huo tangu 2012. Mvinyo wao wanaulaza wenyewe, wanauuza ukiwa umekomaa. Mwenye ghala la uhakika kaamua faida ya kungoja ibaki kwake. Wewe wa Sinza unangoja nini?

Bado sijagusa bandia. Rudy Kurniawan alikuwa anawauzia mabilionea wa Marekani mvinyo wa kale aliouchanganya nyumbani kwake California, akabandika lebo. Alishtukiwa waziwazi mwaka 2008, pale mnada wa New York ulipotangaza chupa za Clos Saint-Denis za Domaine Ponsot za miaka ya 1945 hadi 1971, na mwenye shamba, Laurent Ponsot, akasema familia yake haikuwa inatengeneza mvinyo huo miaka hiyo. Kurniawan alikamatwa 2012, mwaka 2014 akahukumiwa miaka kumi jela. Kama wenye maghala na wataalamu wa kuajiriwa walilizwa, wewe na mimi tutaitambuaje lebo?

Sitaki nionekane mwenye wivu. Kuna mtu ambaye kununua hivi kunamfaa: ana chumba baridi cha kweli, ameonja vya kutosha kujua kwamba anapenda ladha ya mvinyo mzee, na pesa anayoweka akiipoteza hatakosa ada ya mtoto. Mtu huyo simpingi, namtakia maisha marefu. Lakini sisi wengi hatununui ladha. Tunanunua ushahidi kwamba tumefika. Ile chupa yangu haikuwa zawadi ya mzee, ilikuwa cheti changu, na nilimsubirisha miaka sita ili aje akione.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko laki mbili na nusu. Miaka ile yote mzee alikuwa anakuja Sinza Jumapili. Tungeweza kuifungua mwaka uleule wa 2016, changa na ya ukakasi, tukakunja nyuso, tukacheka. Angesimulia habari za kazini kwake. Badala yake niliifungia kabatini nikimngojea siku kubwa, wakati siku zenyewe zilikuwa zinapita sebuleni.

Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Ni mara ngapi tumesikia kilio cha wakulima wa kule kwamba zabibu zinawaharibikia kwa kukosa mnunuzi? Sisemi mvinyo wa Makutupora unaushinda Latour. Nasema unanywewa wiki hii, unaulizia bei bila kutetemeka, na pesa yake inabaki na mtu anayelima. Kama unataka kweli kuweka akiba ya miaka kumi na tano, hati fungani ya serikali inakulipa riba kila nusu mwaka na haihitaji friji.

Mshikaji, najua unasoma. Hela yangu ya nusu kasha ipo, sijaishiwa. Jumamosi hii nanunua chupa mbili za bei ya kawaida, nakwenda kwa mzee. Karibu. Tunafungua hapo hapo.

Naomba kutoa hoja.