Nyanya Hakuwa Mweupe

Picha iliyowekwa mezani siku ya matanga ya nyanya yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nyanya alikuwa mweusi, ule weusi unaomeremeta mtu akitoka kwenye jua la Malindi. Kwenye fremu alikaa bibi mwekundu kama aliyepakwa ngeu, mashavu yameng'arishwa. Jamaa waliotoka Kilifi wakanong'ona, "Kwani huyu ni nani?"

Nilimuuliza binamu yangu, aliyeichapa pale pale nyumbani. Akasema, "Ah, sisi weusi picha zetu ngumu. Mashine ndivyo ilivyo."

Mashine ndivyo ilivyo! Hilo ndilo neno ninalogombana nalo hapa.

Nakubali, lina historia. Kwa miaka mingi Kodak ilizipa maabara za picha kadi zenye sura ya mwanamke Mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo. Akitoka vizuri yeye, kazi imekwisha. Na kati ya waliolalamika wakasikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha. Yaani hata kabati lilipata wakili!

Lakini Shirley ameshastaafu, sitamtwika mizigo yetu. Niliichukua faili ileile na printa ileile, nikaanza kutafuta.

Kwanza nilichapa ukurasa wa kukagua matundu ya wino. Mistari ya samawati ilikuwa imekatikakatika; printa ilikaa wiki kadhaa bila kazi, wino ukakauka. Samawati ikipungua, picha huwa nyekundu. Ikipungua majenta, huwa kijani. Ikipungua njano, huelekea buluu. Nikasafisha.

Pili, nikachapa kipande cha kijivu kitupu. Kijivu kikitoka na wekundu, kosa ni la printa, wino, karatasi au mipangilio. Kikitoka safi na uso bado umeharibika, kosa limo ndani ya picha. Changu kilikuwa bado na wekundu kidogo. Kumbe programu inapanga rangi, na printa nayo inapanga: manahodha wawili, chombo chaenda mrama. Nikamzima mmoja. Tena karatasi ilikuwa ya kung'aa, na printa imeambiwa ni ya kawaida. Nikarekebisha, nikaacha picha ikauke, nikaitazama barazani mchana, si chini ya taa ya sebuleni.

Wekundu ukaisha. Weupe ukabaki.

Nikaitafuta picha ya asili kwenye simu. Nyanya yumo, mweusi wake kamili, na mikunjo yake yote. Basi weupe haukuwa ugonjwa wa mashine. Binamu aliweka filta ya urembo, kisha akaongeza kidogo kwa mkono wake. "Nilitaka apendeze," akaniambia.

Apendeze kwa nani? Huyu mama hakujipaka mkorogo maisha yake yote. Tukaja kumpaka sisi, siku ambayo hawezi tena kukataa. Na mjukuu atakayezaliwa kesho, asiyemjua ila kwa picha hiyo, ataambiwa nini?

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye printa nyumbani, usinitajie mashine kabla hujaikagua. Chapa kijivu kwanza. Kijivu kikitoka sawa, utazame mkono wako.