Resori za mbele: tuache kununua urefu, tununue kipimo

Ndugu wasomaji na wasikilizaji wa Nyunzu, nanyi jamaa mliohama vijiji vyenu na mungali mnangojea siku ya kurudi, leo nasema jambo ambalo wenye magari hawatalipenda.

Magari yanayotubeba kwenda Kalemie na kurudi si ya juzi. Ni Land Rover za zamani na Toyota Land Cruiser ambazo zimepita mikononi mwa mabosi wengi. Nyingi zina resori za kuviringika mbele, zile ambazo ndugu zetu wa Kigoma wanaziita springi. Land Rover iliziweka kwenye 110 mwaka 1983, na Toyota ikaziweka mbele ya Land Cruiser zake za kazi nzito mwaka 1999. Kabla ya hapo zilikuwa bamba za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Resori ikichoka ao ikivunjika, swali ni moja: tuweke ipi? Na jibu ninalosikia garajini ni lile lile: «Leta ile ndefu na ngumu kuliko zote, barabara yetu ni mbaya.» Nasema wazi: jibu hilo ni la kosa, na wanaolilipia ni mama na watoto walioketi juu ya mizigo.

Tazameni gari ikiwa imejaa. Mifuko ya mihogo, mabido ya mafuta, magodoro ya familia iliyohama, vyote viko wapi? Viko nyuma. Uzito huo unabebwa zaidi na resori za nyuma. Za mbele kazi yao kubwa ni kubeba injini na kushikilia magurudumu chini, maana huko mbele ndiko kuna usukani na sehemu kubwa ya breki. Ukikaza resori ya mbele kupita kiasi, hauongezi hata mfuko mmoja. Unaifanya gurudumu iruke kila shimo, na gurudumu iliyo hewani haipindi kona wala haisimamishi gari.

Tena ugumu unadanganya macho. Chukua resori mbili zenye viringo sawa na upana sawa. Waya wa moja ni milimeta 15, wa nyingine ni milimeta 16 na nusu. Kwa macho ni kitu kimoja. Lakini ya pili ina ugumu karibu mara moja na nusu ya ile ya kwanza. Vilevile fundi anayekata kiringo kimoja ili resori iingie, anaifupisha na kuikaza kwa wakati mmoja. Na yule anayeipasha moto kwenye mkaa ili aivute, anakiua chuma chenyewe. Itasimama vizuri wiki moja, kisha italala.

Wengine wanapenda gari isimame juu kama ngamia. Ikipanda sana bila kurekebisha sehemu nyingine, ekseli ya mbele inageuka kidogo, usukani unaanza kutangatanga, mipira ya breki inavutwa, na amotisa inafika mwisho wake. Mbele ya wasichana wa sokoni ni uzuri. Kwenye mteremko, mvua ikinyesha, ni hatari.

Kuna kosa lingine ambalo ni letu hasa. Hapa Kongo tunapita kuume, na usukani unapaswa kuwa kushoto. Lakini magari na vipuri vingi vinatoka Tanzania, ambako usukani uko kuume. Kwenye Land Rover nyingi, resori ya upande wa shofere haifanani na ya upande wa pili. Ukiziweka bila kuuliza, gari inainama upande mmoja, na shofere anasema ni barabara.

Najua mtanijibu: «Pesa haiko.» Ni kweli. Kipuri kinavuka ziwa ao kinatoka Lubumbashi, na mwenye gari naye ana watoto. Lakini kupima hakuombi franga hata moja. Simamisha gari tupu mahali pa sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kuume, uandike. Toa resori, hesabu viringo, pima unene wa waya na urefu ikiwa haijabanwa. Chukua namba ya shasi na upande wa usukani. Peleka hayo yote kwa muuzaji, umwambie pia kama gari ina chuma kizito cha kuongezea mbele. Nunua mbili pamoja, usichanganye mpya na mzee. Kama ni za okazyo, zitazame pale mwisho unapokalia, maana kutu na ufa hupenda kujificha hapo.

Cha bei rahisi ni ghali. Resori mbaya inakula magurudumu, inakula amotisa, na siku moja inakula watu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wenye magari, acheni kuuliza «ipi ni ngumu», ulizeni «ipi ni ya gari hii». Polisi wa rulaji, mkisimamisha gari kwa karatasi, inameni pia mtazame chini ya bodi. Nanyi wasafiri, hasa jamaa mliohama, msiseme kwamba mtu asiye na nyumba hana haki ya kuuliza. Umelipa nafasi yako. Ukiona gari tupu imeinama upande mmoja, ao kipande cha mti kimesukumwa kati ya viringo, shuka, na ushushe watoto.

Tulikimbia vita ili tuishi. Tusikubali kufia njiani kwa sababu ya chuma ambacho hakuna aliyekipima.