JASHO SI KIPIMO



Leo neno langu ni kwenu mnaoendesha baiskeli za mazoezi, zile zisizoenda popote. Wengine mko kwenye jimu za hapa Satellite na Kawangware, wengine mmenunua ya mitumba mkaiweka sebuleni. Wengi mlianza baada ya daktari kuwaambia kuhusu presha au sukari. Nawapongeza kwa moyo wote. Mwili ni hekalu, na hekalu hufanyiwa usafi.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Wengi wenu mnajipima kwa jasho.

Mtu anashuka kwenye baiskeli fulana imelowa, anasema, "Pastor, leo nimechapa kazi." Huenda ni kweli. Ila ukiendesha barabarani kuelekea Dagoretti, upepo unakupoza. Ndani ya chumba hakuna upepo. Mwili unachemka na moyo unapiga haraka zaidi hata kama miguu haijaongeza kazi yoyote. Jasho linaweza kuwa linakuambia tu kwamba chumba kina joto. Halikuambii kama una nguvu kuliko mwezi uliopita.

Mimi naamini hivi: asiyejipima hawezi kujua anakoenda. Na kujipima si kukosa imani.

Mfano tunao hapa jirani. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Aliyemfundisha baiskeli ni David Kinjah, kule Mai-a-Ihii, Kikuyu. Froome alikuja kushinda Tour de France mara 4: 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini mwaka 2007, kabla dunia haijamjua, aliwekwa juu ya baiskeli isiyoenda popote kwenye maabara huko Uswisi, akapimwa. Mwaka 2015 watu walimshuku hadharani kwamba anatumia dawa. Alisema mtazamaji mmoja alimrushia mkojo njiani. Mwaka huohuo akaingia maabara huko London akapimwa tena, na namba zikachapishwa pamoja na zile za 2007. Hazikuwanyamazisha wote, lakini zilikuwa mezani.

Tazama namba zenyewe. Nguvu aliyoweza kuishikilia kwa muda mrefu mwaka 2007 ilikuwa wati 420. Mwaka 2015 ilikuwa 419. Miaka 8, na nguvu ya miguu ni ileile! Kilichobadilika ni uzito: kutoka kilo 75.6 hadi 69.9. Kwa hiyo kila kilo ya mwili, iliyokuwa ikipata kama wati 5.6, sasa ilipata karibu 6. Mlimani, hiyo ndiyo tofauti ya mshindi na anayeachwa nyuma.

Mpendwa, nguvu ilikuwamo tangu mwanzo. Kilichohitajika ni kupunguza mzigo. Soma Waebrania 12:1 utaelewa kwa nini niliposoma namba hizo niliinuka kitini.

Sasa tuje kwako. Huhitaji maabara ya Uswisi. Kwanza, kama una presha, sukari, au kifua kinakubana, nenda hospitali kabla ya kujijaribu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mwaka huu tumesimama kwenye makaburi ya kutosha.

Ukiruhusiwa, fanya hivi. Siku moja kabla, pumzika. Chagua baiskeli moja, ugumu uleule na saa ileile. Pasha mwili joto dakika 10. Kisha endesha dakika 20 kwa mwendo unaoweza kuushikilia mpaka mwisho, usianze kwa fujo ukamaliza ukining'inia. Andika umbali uliosomeka. Kama mashine yako inaonyesha wati, andika wastani wake. Wenye mazoezi makali huchukua asilimia 95 ya wastani wa dakika 20 wakapanga mazoezi yao kwa namba hiyo. Halafu hesabu mapigo ya moyo mara unapomaliza, na tena baada ya dakika moja ya kupumzika. Moyo unaozidi kupata nguvu hushuka haraka zaidi.

Rudia baada ya wiki 6. Usirudie kila siku. Mkulima hafukui mbegu kila asubuhi kuona kama imeota.

Dada mmoja wetu alitaka kuacha kabisa. Miezi miwili ya mazoezi, na mizani haijasonga hata kilo moja. Alikuwa analia. Lakini alikuwa ameandika namba zake. Ugumu uleule, dakika zilezile 20, alikuwa ametoka kilomita 6 hadi 7, na mapigo yalikuwa yanashuka upesi kuliko mwanzo. Mizani ilikuwa kimya, lakini moyo wake ulikuwa unafanya kazi. Bila karatasi ile tungempoteza.

Na ndugu mwingine, mwenye kelele nyingi jimu, alipojipima mara ya pili akakuta amesimama palepale. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akauliza wapi pa kuanzia. Namba haikumtukana. Ilimwonyesha mlango tu.

Onyo moja. Usichukue namba yako ukaipeleka kwa jirani kushindana. Wagalatia 6:4 inatuelekeza kila mtu aipime kazi yake mwenyewe, bila kujilinganisha na mwenzake. Mama wa miaka 60 aliyetoka kilomita 4 hadi 5 amepanda zaidi ya kijana aliyekwama kwenye 10. Mshindani wako ni karatasi yako ya wiki 6 zilizopita.

Jumamosi hii, jipime. Andika tarehe, umbali na mapigo, uiweke ndani ya Biblia yako. Usiiposti. Wiki 6 zikiisha, niambie tu kama umepanda, umeshuka au umesimama. Vyovyote itakavyokuwa, tutajua pa kuanzia.

Bwana awape mioyo yenye nguvu, ile ya kifuani na ile ya rohoni.

Mbarikiwe. Kama uko tayari, andika "Najipima" hapa chini, na umtumie mwenzako anayetoka jasho bila kujua anaelekea wapi.